Kila mtu ananiambia nitakuwa wakili kwa sababu naongea sana

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 17, niko sekondari, na baada ya wiki tano natakiwa kurudisha fomu ya kuchagua masomo ya miaka miwili ya mwisho. Ni karatasi moja tu. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo, na bado haina hata herufi moja zaidi ya jina langu.

Shida yangu ni kwamba najua kuongea. Najua hilo halisikiki kama shida. Niko kwenye timu ya mdahalo ya shule tangu mwaka wa kwanza, na tumeshinda mara nyingi kuliko tulivyoshindwa. Tangu nikiwa na miaka kumi hivi, mgeni akija nyumbani, baba humwambia, "Huyu ndiye wakili wetu." Mgeni hucheka, nami hucheka. Siku hizi hakuna anayecheka tena. Wanauliza nitasomea sheria chuo gani.

Sina ugomvi na mawakili, Shangazi. Ila sijawahi kukaa na wakili hata mmoja nikajua kazi yake ikoje. Na muhula uliopita kuna jambo lilitokea ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani.

Shuleni kwetu maji yalikuwa hayapandi kwenye mabweni, na tangi lilikuwa linakauka kabla ya jioni. Akaletwa fundi. Mimi nilikuwa zamu ya usafi, bwana stoo akaniambia nimwonyeshe fundi koki zote zilipo. Yule baba akafunga geji ndogo ya kupima msukumo wa maji kwenye bomba, akaniambia, "Soma hapo." Akanieleza kwamba kila mita kumi za kimo cha maji huongeza alama moja hivi kwenye geji, kwa hiyo tangi letu lililo juu kama mita kumi na tano linapaswa kutupa moja na nusu. Kisha akafunga koki zote na njia ya kutoka kwenye tangi, akachuchumaa, akaanza kuutazama mshale. Nikamwuliza, "Mbona unaangalia geji na maji yamefungwa?" Akasema, "Ngoja." Mshale ukaanza kushuka. Polepole, lakini unashuka, na hakuna koki iliyofunguliwa. Akasema, "Maji yanatoka mahali tusipopaona."

Tulitembea naye kwa karibu saa tatu. Anafunga kipande hiki, anasoma. Anafunga kile, anasoma. Mwishoni kikabaki kipande kimoja nyuma ya maabara, na mimi ndiye niliyeona kwamba pale majani yalikuwa ya kijani wakati uwanja mzima umekauka. Walipochimba, wakakuta bomba limepasuka. Sijawahi kufurahi hivyo hata siku tuliyochukua kombe la mdahalo.

Nilipomsimulia mjomba alicheka: "Binti na mabomba?" Nikaacha kusimulia.

Kwa baba nilijaribu mara moja tu. Alikuwa anatazama taarifa ya habari. Nikamwambia, "Baba, kwani lazima nisome sheria?" Akanijibu bila kugeuka, "Wewe soma kwanza, mengine baadaye." Baba ni mhasibu. Nikuambie ukweli, sijui mhasibu anafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni. Najua tu kwamba mwisho wa mwezi huwa mkali.

Mwalimu wa ushauri nasaha alitukusanya ukumbini wote, akatuambia tufuate ndoto zetu na tusichague masomo kwa kufuata marafiki. Rafiki yangu aliyekaa pembeni akanifinya, kwa sababu sisi wawili tulishakubaliana kuchagua sawasawa ili tusitengane.

Nimwambieje baba? Nijuaje kama ile ni kazi ninayoipenda au nilifurahi siku moja tu? Na kazi yenyewe inaitwaje?

Wako,
Msemaji Asiye na la Kusema

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nyekundu nikawa natafuta alama za kuuliza. (Niliwahi kuwa mwalimu, ugonjwa huo hauponi.) Ukiacha yale matatu uliyonielekezea mimi mwishoni, katika barua nzima umemwuliza mtu jambo mara mbili tu. Moja ulimwuliza fundi: mbona unaangalia geji na maji yamefungwa. Hilo ni swali zuri kweli. Ulikuwa hujui, ukataka kujua, ukauliza, na ukapata saa tatu za kujifunza ambazo hakuna aliyekupangia. La pili ulimwuliza baba: kwani lazima nisome sheria. Hilo ni lalamiko, mwanangu, limevalishwa kanzu ya swali. Baba alilisikia kama lalamiko na akalijibu kama lalamiko.

Kwa hiyo sikubaliani na jina ulilojipa. La kusema unalo tele. Upungufu wako ni wa kuuliza, na sikulaumu, maana mdahalo ndivyo unavyomfundisha mtu. Kwenye mdahalo unagawiwa upande, unautetea hadi kengele inalia, na maswali unayouliza ni ya kumnasa mwenzio. Upande wa uwakili uligawiwa ukiwa na miaka kumi, sebuleni, mbele ya wageni, na mpaka leo umeutetea kwa kucheka.

Nianze na fundi, kwa sababu kwa baba utakwenda ukiwa na kitu mkononi.

Bwana stoo ana namba ya simu ya yule fundi. Bila hiyo asingeitwa. Mwambie bwana stoo, au mwalimu unayemwamini, ampigie na kumweleza kwamba kuna mwanafunzi anayeomba dakika ishirini za kumwuliza kuhusu kazi yake. Mzazi ajue unakwenda, mkutane mahali pa wazi, shuleni au ofisini kwake wakati wa kazi, na usiende peke yako. Kisha jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau: sema mapema kwamba huombi pesa wala kazi. Watu wazima wakisikia "naomba tuzungumze" kutoka kwa kijana, nusu yao huanza kushika mfuko. Ukimtoa wasiwasi huo, utashangaa mtu anavyofunguka. Watu wanaofanya kazi kwa mikono na akili zao ni nadra kuulizwa kazi hiyo ikoje. Huulizwa bei tu.

Ukishakaa naye usimwulize "kazi yako ikoje?" Atakujibu "nzuri tu, tunamshukuru Mungu," na mazungumzo yatakuwa yameisha. Mwulize jana alifanya nini, tangu alipotoka nyumbani. Alikwenda wapi, alikuta nini, alisubiri nini, nani alimkasirisha. Siku moja iliyopita ina ukweli mwingi kuliko miaka ishirini iliyofupishwa. Pengine atakuambia kwamba siku ya mshale na majani ya kijani huja mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote anakimbizana na hesabu za vifaa, vibali, na mteja asiyelipa. Hapo ndipo utaanza kulijibu swali lako la pili. Kufurahia siku ile ni dalili tu. Ukisikia habari za Jumanne ya kawaida, yenye vumbi na makaratasi, na bado ukatamani kuwepo, dalili hiyo imepata uzito.

Mwulize pia ni somo gani la shuleni analolitumia kila wiki, na ni lipi hajaligusa tena tangu alipomaliza. Mwulize aliingiaje kwenye kazi hiyo, na jibu hilo ulisikilize kwa makini, maana mara nyingi njia halisi ina kona nyingi kuliko ile inayoandikwa kwenye vitabu vya mwongozo. Habari ya pesa usiiogope, ila usimwulize mtu mshahara wake usoni. Mwulize mtu anayeanza kazi hii huishije miaka mitatu ya kwanza. Atakuelewa, naye atakuambia zaidi ya ulivyouliza.

Na kabla hujaaga: "Nani mwingine unafikiri nizungumze naye?" Kama utalisahau lolote katika niliyokuandikia, hili usilisahau. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Kati ya waliopata habari za kazi kupitia mtu wanayefahamiana naye, ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Karibu asilimia 56 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 28 kwa nadra sana. Sababu yake haina uchawi. Baba, mjomba, rafiki yako na wewe mnajua mambo yaleyale, kwa kuwa mnakula na kuzungumza pamoja. Fundi anajua watu ambao nyumbani kwenu hakuna hata anayejua kwamba wapo. Akikupa jina moja, na huyo naye akakupa jingine, ndani ya wiki tatu utakuwa umezungumza na watu wanne ambao baba yako asingeweza kukutambulisha kwao hata angetaka. Wiki tano zinatosha kwa hilo, ukianza Jumatatu.

Nenda na daftari. Usirekodi kwa simu, watu huanza kuongea kama wanahojiwa redioni. Andika kwa maneno yao, ukifika nyumbani weka alama kwenye mahali uliposisimka na mahali uliposinzia. Usijidanganye kwenye zile za kusinzia.

Na kwa kuwa barua yako ina watu wawili, fundi na wakili, mtafute na wakili. Ndiyo, nina maana hiyo. Umesema mwenyewe hujawahi kukaa na hata mmoja. Utaikataaje kazi usiyoijua, kwa sababu tu wengine walikuchagulia? Hilo ni kosa lilelile la kuikubali bila kuijua, limegeuzwa tu. Mwulize naye jana alifanya nini. Nadhani utasikia habari ndefu za kusoma mafaili, kuandika barua na kungoja tarehe ipangwe, na kusimama kuongea ni kipande kidogo cha wiki yake. Huenda ukavunjika moyo, huenda ukapenda. Vyovyote vile, ukimkabili baba utakuwa unasema jambo ulilolisikia kwa masikio yako.

Sasa baba.

Taarifa ya habari si wakati. Mbele ya wageni si wakati, na mwisho wa mwezi, kwa mhasibu, umeshaniambia mwenyewe. Tafuta wakati ambao mikono yake ina shughuli na macho yake yako kwenye shughuli hiyo: mnatembea pamoja, anaendesha gari, anatengeneza kitu na wewe unamshikia. Wanaume wengi wa rika lake huongea vizuri zaidi wakiwa hawatazamani na mtu. Na usianze na habari zako. Anza na zake. "Baba, hivi ulivyokuwa na umri wangu ulitaka kuwa nani?" Kisha unyamaze. Hapo ndipo penye kazi kwako, bingwa wa mdahalo: kunyamaza. Akikaa kimya nusu dakika, usiijaze nusu dakika hiyo.

Nakuambia hivi kwa sababu baba yangu mimi alikuwa karani miaka 31, na siku ya sherehe yake ya kustaafu ndipo niliposikia, kutoka kwa mwenzake wa ofisini, kwamba ujanani alikuwa anachora. Alichora mpaka akapewa nafasi ya kwenda kusoma, na nafasi hiyo akaiacha kwa sababu mdogo wake aliugua na mtu alitakiwa nyumbani. Nilikuwa na miaka 34. Miaka yote nilidhani alivyokuwa akinikataza kuandika hadithi ni kwamba alidharau sanaa. Kumbe alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na tarehe. Sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kudhani ni jambo la kumwambia mtoto.

Baba yako naye ana sababu ya kutaka wakili ndani ya nyumba. Huenda aliwahi kudhulumiwa na hakuwa na wa kumtetea. Huenda ameona mawakili wanavyoheshimiwa. Huenda ni mzaha wake wa zamani ambao wageni waliupokea sana mpaka naye akauamini, nao umekua bila mtu kuuhoji. Hizo ni sababu tatu tofauti, na kila moja inataka mazungumzo yake. Ya kwanza unaijibu kwa upole. Ya pili unaijibu kwa kumwonyesha kwamba kuna heshima na riziki kwingine pia. Ya tatu unaijibu kwa kicheko, mkacheka wote wawili, na ikaishia hapo. Ukienda na hotuba bila kujua ni ipi, utajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Akishasimulia, mwulize na uhasibu. Mwulize mwisho wa mwezi kuna nini. Baada ya hapo ndipo useme ya kwako, kwa ufupi, na uyaseme kama habari: "Nilimfuata fundi aliyekuja shuleni nikamwuliza maswali. Nikaongea na wakili fulani pia. Naomba nikuonyeshe nilichoandika." Mpe daftari. Mhasibu huyaamini yaliyoandikwa. Malizia kwa kumwambia hutaki jibu siku hiyo. Hilo ni muhimu, kwa sababu mzazi anayebanwa ajibu papo hapo hujibu kwa kile alichokisema zamani, hata kama ndani yake ameshaanza kusogea.

Akipandisha sauti, usijibu hoja kwa hoja. Najua unaweza, na najua utashinda. Ila baba aliyeshindwa kwa hoja na binti yake sebuleni hatatia sahihi fomu yoyote. Mwambie "nimekusikia baba," uondoke, urudi baada ya siku tatu na swali jingine. Na tafadhali usimtume mama. Wengi watakushauri hivyo na wana nia njema, lakini ujumbe ukipita mikononi mwa mtu wa pili hufika umeongezwa chumvi. "Anapenda mambo ya maji" itafika kama "hataki sheria," na "hataki sheria" itafika kama "hakutaki wewe." Mama awepo, asikie, akitaka achangie. Asiwe tarishi.

Kuna jambo moja la fomu ambalo litawapa nyote nafasi ya kupumua. Milango ya masomo haifunguki sawasawa pande zote. Uhandisi, karibu popote duniani, unadai hisabati na fizikia, na asiyevisoma sekondari hupata taabu kubwa kurudi nyuma kuvitafuta. Sheria, katika nchi nyingi, haidai somo moja maalumu, na aliyesoma fizikia hafukuzwi mlangoni. Kwa hiyo ukichukua hisabati na fizikia, pamoja na jiografia kama shule yenu inaruhusu, hujakata njia ya uwakili. Ukiyaacha, njia ya maji unaibana sana. Kabla hujaandika hata herufi moja, hakikisha hilo kwa mwalimu wa taaluma: mwombe akuonyeshe kwa maandishi sifa za kujiunga na kozi zote mbili huko unakotarajia kwenda. Karatasi hiyo itamtuliza baba kuliko maneno yangu yote.

Tena nani kasema lazima sheria na maji yatengane? Mito haisimami mipakani. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1997 mkataba wa matumizi ya mito ya kimataifa, nao ulianza kutumika mwaka 2014 tu, baada ya miaka 17 ya kungoja nchi za kutosha ziuridhie. Umri wako wote huo. Mtu anayejua sheria na anajua maji yanavyokwenda chini ya ardhi hakosi kiti kwenye meza za mazungumzo ya namna hiyo. Sikuambii uwe huyo. Nakuambia tu kwamba ulimi wako hautatupwa jalalani ukishika geji. Yule fundi naye lazima awaeleze wakubwa wa shule kwa nini wachimbe nyuma ya maabara na si kwingine, na wamwamini.

Mjomba tumwache haraka. Mwanasaikolojia Linda Gottfredson aliandika mwaka 1981 kwamba watoto huanza kufuta kazi vichwani mwao mapema sana: wakiwa na miaka kama sita hadi minane tayari wanafuta zile wanazoona ni za jinsia nyingine, kabla hata hawajajua kazi hizo ni nini. Nani huwashikisha kifutio? Kicheko kama kile cha mjomba. Hakukusudia ubaya. Wewe ulinyamaza kwa sababu ya maneno matatu, wakati kwenye mdahalo unasimama mbele ya ukumbi mzima. Siku ukikutana naye tena, endelea na hadithi ulipoishia. Mwambie habari ya majani ya kijani.

Rafiki yako je? Mkataba wenu unaonekana mdogo, lakini una ndugu wengi. OECD, ile jumuiya ya kiuchumi ya nchi tajiri, ilitoa taarifa mwaka 2020 iliyotokana na majibu ya vijana wa miaka 15 katika nchi 41: asilimia 53 ya wasichana na 47 ya wavulana walitaja mojawapo ya kazi zilezile kumi tu. Dunia ina maelfu ya kazi, na nusu ya vijana wamesongamana kwenye milango kumi, kwa kuwa ndiyo milango waliyosikia ikitajwa. Usimvunjie rafiki yako ahadi kimyakimya. Mchukue muende naye kwa fundi. Umeshaambiwa usiende peke yako. Akisinzia wakati wewe unaandika, nyote mtakuwa mmejua jambo bila kugombana.

Mwalimu wa ushauri nasaha usimhukumu kwa ile siku ya ukumbini. Hotuba kwa watu mia nne haiwezi kumfaa mmoja. Mgongee mlango na karatasi yenye mistari mitatu: nimezungumza na huyu, nimegundua hili, naomba unisaidie hili moja. Mwalimu anayejiwa hivyo hufurahi, maana wengi huingia na kusema "sijui nifanye nini," naye inabidi aanze kuchimba bila geji.

Ukiogopa kwamba karatasi moja itakufunga maisha, nikupe kisa. Frank Parsons, ambaye wengi humhesabu mwasisi wa kazi hii ya kuwashauri vijana kuhusu ajira, alifungua ofisi yake Boston mwaka 1908. Kijana akija, alimpa kwanza maswali mengi ya kujichunguza nyumbani, ndipo wakae waongee. Na yeye mwenyewe? Alisomea uhandisi akafanya kazi ya reli, akafundisha shule, akawa mwanasheria, akafundisha chuo kikuu. Mhandisi aliyekuwa mwanasheria, ona. Alifariki mwaka uleule wa 1908, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata.

Limebaki swali lako la mwisho, kazi inaitwaje. Kuna fundi bomba, anayeunganisha na kutengeneza. Kuna fundi sanifu wa maji, mwenye stashahada, anayesimamia mitambo na kupima. Kuna mhandisi wa maji, anayesanifu mfumo mzima kuanzia chanzo hadi koki. Kuna mtaalamu wa haidrolojia, anayefuatilia mvua na mito, na wa haidrojiolojia, anayetafuta maji yaliyo chini ya ardhi. Kuna anayepima ubora wa maji maabara. Na kuna wale ambao kazi yao hasa ni kutafuta maji yanayopotea njiani, kama mlivyofanya siku ile, kwa vifaa vinavyosikiliza sauti ya maji chini ya udongo. Yule aliyekuja shuleni kwenu ni yupi kati ya hao, mimi sina namna ya kujua. Bwana stoo ana namba yake.